Nilitoka kundini, lakini kila nikipingwa natetemeka

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Uyole, Mbeya, nauza kwenye duka la pembejeo. Tangu nikiwa na miaka 8 hadi 24 nililelewa katika kundi la maombi lililotukataza redio, magazeti, hata kwenda msiba wa ndugu asiye mwenzetu. Kuhoji neno la kiongozi kuliitwa "roho ya uasi", na aliyehoji alitengwa, hata salamu hapewi. Nilitoka miaka mitatu iliyopita. Shida yangu ni kujadiliana. Mtu akinipinga hata kwa jambo dogo mikono inatetemeka. Ama nanyamaza na kukubali kila kitu, ama nafoka. Mwezi uliopita kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mama mmoja alipendekeza riba ya mkopo ipande kutoka asilimia 5 hadi 10. Nilisimama nikawaambia wote ni watu wa mataifa wanaokunywa damu ya maskini. Sijarudi tangu siku hiyo, na vikao vitatu vimepita. Mama yangu yuko Tukuyu, bado yumo kundini, na kila tukiongea kwa simu tunaishia kukatiana. Nifanyeje niweze kuongea na watu tunaotofautiana, kama wenzangu wanavyoweza?

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na ile riba. Wewe umeitaja upesi, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua, lakini mimi naona mambo mengi yamo humo.

Hoja yako ilikuwa nzuri. Anayekopa shilingi 200,000 kwa asilimia 5 anarudisha 210,000. Kwa asilimia 10 anarudisha 220,000. Kwa mwanamke anayeuza viazi kwa sado, hiyo 10,000 ya ziada anaitolea jasho. Lakini yule mama naye hakuwa amerukwa na akili. Riba ya kikoba haiendi kwa tajiri wa mbali, inarudi mfukoni mwenu na mnagawana mwisho wa mzunguko. Anayeweka sana na kukopa kidogo huitaka ipande, na anayekopa sana huitaka ibaki. Huenda yeye ni wa kundi la kwanza na wewe wa la pili, basi. Mngeweza kuulizana kama ipande kwa mikopo mikubwa tu, au kama mkopo wa ugonjwa na msiba utoke kwenye mfuko wa jamii bila riba yoyote. Hayo ni mazungumzo ya nusu saa, na pengine mngetoka na jibu zuri kuliko lake na kuliko lako.

Ila wewe uliiacha riba ukaanza kuhukumu roho zao. Sikulaumu. Ulifanya kile ulichofundishwa kwa miaka 16. Kwenye kundi la namna ile hakuna mtu aliyekosea tu, hesabu zikamgomea au akasahau jambo. Aliyekosea ameingiwa na kitu. Kwa hiyo ukisikia neno usilokubaliana nalo, kichwa chako hakiulizi "je, ni kweli?" Kinauliza "huyu ni wa nani?" Ukishauliza hivyo, mjadala umekufa kabla haujazaliwa.

Kuna jingine zito zaidi, nalo umeliandika kwa maneno machache sana: aliyehoji hapewi hata salamu. Wewe umelelewa huku kwetu Nyanda za Juu, unajua salamu ni nini. Mtu husimama njiani, na baridi ya Juni inavuma, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za yule bibi aliyekuwa anaumwa mguu. Kumnyima mtu salamu ni kumzika huku anatembea. Mtoto wa miaka 10 akishuhudia mtu mzima anauliza swali kisha anazikwa hivyo, anajifunza jambo moja ambalo hakuna somo la shule linaloweza kulifuta kirahisi: ukipingana na watu, unawapoteza.

Ndiyo maana mikono inatetemeka. Mwili wako hausikii "riba", unasikia "utaachwa". Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, pumzi inakuwa fupi, sawasawa na mtu aliyekutana na nyoka njiani kwenda shambani. Na aliyekutana na nyoka hapigi hesabu za asilimia. Anakimbia au anapiga. Kunyamaza kwako na kukubali kila kitu ni kule kukimbia, na kufoka ni kule kupiga. Unadhani una tabia mbili zinazopingana, kumbe ni woga uleule unaotoka kwa milango miwili.

Kwa hiyo sitaanza kukufundisha maneno ya kusema. Wengi wanaokuja kwangu wanaomba maneno, na miaka ya mwanzo ya kazi hii nami niliwapa. Kijana mmoja nilimwambia asimame tu kwenye kikao cha ukoo aseme ya moyoni. Alisimama, akatetemeka, akalia, akatoka nje, na kwa mwaka mzima hakukanyaga tena. Kosa lilikuwa langu. Mwili ulikuwa bado haujaamini, mimi nikaupa hotuba.

Unachohitaji kwanza ni muda kati ya kusikia na kujibu. Kiswahili kina sentensi zake za kuununua muda huo, na hakuna atakayekuona mjinga ukizitumia: "Naomba nilifikirie, nitakujibu kesho." "Hebu rudia hapo, sijakuelewa vizuri." "Kwa hiyo unasema kwamba..." kisha unayarudisha maneno yake kama alivyoyasema. Hii ya mwisho inafanya kazi mbili. Inakupa nusu dakika ya kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mara tatu au nne hadi mabega yashuke. Pia inakulazimisha kusikia alichosema yeye, badala ya kile ulichozoea kukisikia. Kama kuna kikombe cha chai, kishike kwa mikono miwili. Ni ushauri wa kitoto, najua, lakini mikono iliyoshika kitu cha moto haipati nafasi kubwa ya kutetemeka.

Ukishapata huo muda, angalia maneno uliyotoka nayo kundini. Miaka ya 1950 daktari mmoja Mmarekani wa magonjwa ya akili, Robert Jay Lifton, alizungumza kwa muda mrefu na watu waliotoka kwenye magereza ya China walikokuwa "wakifundishwa upya" fikra zao. Kati ya mambo aliyoyaeleza mwaka 1961 ni jinsi makundi yaliyofungwa yanavyojaza lugha maneno mafupi, mazito, ya mkato, ambayo mtu akiyatamka kufikiri kunaishia hapo. Hakuandika juu ya Mbeya, lakini nadhani unamwelewa kuliko mimi. "Roho ya uasi" ni neno la namna hiyo. "Msiwaguse masihi wangu" ni mstari wa Zaburi, ila likitumika kumfunga mtu mdomo nalo linakuwa kufuli. Na "watu wa mataifa", ulilowarushia akina mama wa kikoba, ni hilohilo. Jaribu zoezi hili jioni ukiwa umetulia: yule mama wa riba mwandike kwenye karatasi bila neno hata moja la kundini. Ana watoto wangapi? Anauza nini? Ananunua hisa ngapi kwa wiki? Mara ya mwisho alikopa lini? Ukimaliza utakuta umeandika habari za mtu, na kubishana na mtu kunawezekana.

Hapa nina onyo, maana nimeliona mara nyingi mno. Wapo wanaotoka kundini wakiwa na ngumi ileile, wamebadilisha tu anayepigwa. Jana walisema "ni roho ya uasi", leo wanasema "wamelishwa maneno", "dini zote ni biashara", "hao hawana akili". Kufuli ni lilelile, mlango ndio mpya. Vilevile, tangu yale ya Shakahola kule Kenya mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni, watu wamepata neno la kumtupia yeyote mwenye imani kali. Kundi lako lilikuumiza, umeeleza vizuri lilivyokuumiza, na hayo yanatosha. Usiliite Shakahola ili watu wakuelewe haraka. Sema kilichotokea kwako. Kusema jambo kwa ukubwa wake halisi, lisizidi wala lisipungue, ni nusu ya kazi yote ya kujadiliana.

Sijui kama bado unasali. Hukusema, nami sikuulizi. Lakini kama unasali na bado kuna sauti inayokuambia kwamba kuhoji ni kumkana Mungu, fungua Matendo ya Mitume sura ya 15. Mitume na wazee walikaa Yerusalemu juu ya suala la tohara, na imeandikwa kwamba Petro alisimama kusema baada ya hoja nyingi. Watu walibishana hadi hoja zikawa nyingi, tena katika kikao cha kanisa la kwanza kabisa. Mwishoni mwa sura hiyohiyo Paulo na Barnaba wanatofautiana juu ya kumchukua Yohana Marko safarini, wanaachana njia, na kazi inaendelea pande zote mbili. Sidhani kama kundini mlisomewa sura hiyo hadi mwisho.

Sasa mazoezi. Usianzie kwenye dini, siasa wala kwa mama yako. Anzia dukani. Una bahati ya kufanya kazi mahali ambapo watu hutofautiana kutwa nzima bila kuchukiana: huyu anasema mahindi yapandiwe mbolea ya DAP, yule anasema kwa bei hiyo yeye anatumia samadi na mazao anapata, wa tatu ameng'oa mahindi yote akapanda parachichi na anawacheka wote wawili. Jipe kazi ya kutofautiana na mteja mmoja kwa siku, katika jambo dogo ambalo ukishindwa hupotezi kitu. "Baba, mimi naona hiyo mbegu inataka mvua nyingi kuliko ya kwako kule." Akikataa, mwambie sawa, mfungie mbegu yake, mpe chenji. Kisha ngoja. Wiki ijayo atarudi kununua mbolea na atakusalimia kama kawaida. Hicho ndicho mwili wako unahitaji kukiona kwa macho, mara 10, mara 50: nimempinga mtu, na amerudi akanisalimia. Mimi naweza kukuandikia kurasa 20 na zisifanye kazi inayofanywa na mteja mmoja aliyerudi.

Tafuta pia mwenzako mmoja. Mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani miaka ya 1950, aliwaketisha vijana wa chuo pamoja na watu waliopangwa kudanganya. Waliulizwa swali jepesi kabisa: mstari upi una urefu sawa na huu? Kundi zima lilipotaja jibu la uongo kwa makusudi, yule asiyejua mchezo alifuata uongo huo karibu theluthi ya mara zote, ingawa macho yake yaliona ukweli. Lakini alipowekewa mwenzake mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kwa hiyo kikobani huhitaji watu wote wawe upande wako. Mtafute mama mmoja unayemwamini, mweleze mapema: "Nikianza kufoka, nishike mkono. Nikinyamaza sana, niulize naonaje." Hatakuona wa ajabu. Kila kikoba kina mtu anayejua kumshika mwenzake mkono.

Umetaja Tukuyu, basi nikukumbushe kitu cha nyumbani kwako ambacho pengine kundi lilikunyima. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*. Wewe unalijua kuliko mimi Mhehe: kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa, kupiga soga. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi huko Rungwe miaka ya 1930, waliandika kwamba kwa wenyeji wao neno hilo lilibeba pia mazungumzo ya watu walio sawa, na kwamba wazee waliyahesabu mazungumzo hayo kuwa ndiyo shule kuu ya mtu. Zamani vijana wa rika moja walijenga hata kijiji chao, kando na baba zao. Mpangilio huo ulikuwa na ukali wake na wanawake hawakuwa na nafasi ileile, sitaki kuupaka rangi. Lakini lile wazo kwamba akili inanolewa na wenzako wa rika moja, mkiwa mmekaa na kucheka, siyo jambo la kigeni ambalo umechelewa kujifunza. Lilikuwepo milimani humo kabla ya kundi lako.

Utani nao. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo sisi ni watani, na Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wetu akamsema marehemu maneno ambayo mwingine angepigwa. Watani wanapeana ukweli mchungu na wote wanajua kwamba hakuna anayeondoka. Jifunze kutaniwa kwanza. Mtu akikutania dukani na ukaweza kucheka bila kujitetea, umepiga hatua kubwa kuliko unavyodhani.

Kitu kimoja usichanganye. Ukinyamaza mbele ya mzee, chunguza kimya hicho kimetoka wapi. Kama moyo umetulia, hiyo ni adabu, usiione kuwa ugonjwa. Kama moyo unakwenda mbio, huo ni ule woga wa zamani umevaa kanzu ya adabu. Na adabu zetu zina mlango wake wa kupinga: "Baba, naomba nieleweshwe hapo." Kila mzee anajua kwamba anayeomba kueleweshwa mara nyingi ameshaelewa na hakubali, ila amemwachia mzee nafasi ya kurekebisha bila kuaibika. Mimi nimewahi kubadilisha uamuzi mzima kwa sababu binti mmoja mdogo aliniomba nimweleweshe.

Midahalo ya mtindo wa shule, ile ya "mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, washiriki wa pande zote mbili", iache kwanza. Inafundisha kushinda, na kushinda umeshafundishwa vya kutosha.

Kama usiku hulali, unaota mambo ya kundini mara kwa mara, au kuna siku unawaza kwamba heri usingekuwepo, hayo hayasubiri mazoezi ya dukani. Nenda hospitali ya rufaa hapo Mbeya uulizie huduma za afya ya akili, au kamwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Najua huku kwetu mtu akisikia "afya ya akili" anawaza Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Watu wengi wanaohudumiwa wanakaa tu kwenye kiti wakazungumza, kisha wanarudi nyumbani kupika.

Nimemwacha mama hadi sasa kwa sababu yeye ndiye mgumu kuliko wote, na ushauri wangu juu yake hautakufurahisha. Usijadiliane naye. Bado. Majadiliano yanahitaji watu wawili wenye ruhusa ya kubadilisha mawazo, na mama yako hana ruhusa hiyo. Akikukubalia neno moja kwenye simu, kesho yake anaweza kunyimwa salamu na watu aliokaa nao miaka yote hiyo. Ukimshinda kwa hoja, unamwachia mzigo wa kubeba peke yake. Katiba yetu, ibara ya 19, inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Wewe uliutumia kutoka. Uhuru huohuo unampa yeye haki ya kubaki, na ukikubali hilo moyoni simu zitapungua moto.

Akisema "rudi mwanangu", usijibu kwa hoja. Sema: "Mama nimekusikia, najua unanipenda. Kundini sirudi. Migomba imezaa?" Atanyamaza. Huenda akakata. Jumapili inayofuata piga tena, saa ileile, uulize ng'ombe, uulize goti lake. Ukiona sauti yako inapanda, mwambie mapema kwamba kuna mteja, aga kwa heshima, ukate wewe kabla ya ugomvi. Unamfundisha kitu kilekile mteja wa mbegu anachokufundisha wewe: tumetofautiana, na nimepiga tena. Inaweza kuchukua miaka. Siku akikuuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, "hivi ulitokaje?", siku hiyo mjibu, na mjibu polepole.

Kikobani rudi wiki hii. Usiandae hotuba ya toba, na usijidhalilishe. Akina mama hawataki kukuona umepiga magoti. Ukifika mapema mfuate yule mama wa riba pembeni, kabla ya kikao: "Mama, siku ile nilikutukana wakati ulitoa hoja. Nisamehe. Kuhusu riba bado sikubaliani, na nikipewa nafasi nitaeleza kwa nini." Sentensi zote tatu zinahitajika, hasa ya tatu, kwa sababu ukiomba radhi ukaitupa na hoja yako utakuwa umekimbia tena. Kisha kaa, nyoosha mkono, subiri mwenyekiti akuite, sema hesabu zako za 210,000 na 220,000, ukae chini. Wakipiga kura wakaipandisha riba, utakuwa umeshindwa kikao kimoja na bado una kikoba.

Na beba pesa ya faini. Vikao vitatu hukuhudhuria, mtunza nidhamu hawezi kuwa amesahau.